Kompyuta ya Zamani Ikigoma Baada ya Kuongezewa Nguvu: Historia ya Kuta Zilizojengwa Kabla Hujazaliwa

Kisa ni kilekile kwenye kila mtaa wenye fundi wa kompyuta. Mtu ana mashine yake ya zamani, imechoka lakini inamsaidia. Anajichanga, anaahirisha kununua raba mpya, hela yote inaenda kwenye RAM kubwa au diski ya kisasa. Kifaa kinafungwa, kitufe kinabonyezwa. Kimya. Feni inazunguka, kioo cheusi tii. Au inawaka, halafu inadai ile diski kubwa uliyonunua ni kijidiski kidogo cha kizamani. Hapo hapo maneno yanaanza: umeuziwa feki, fundi kaichokonoa, mashine imekufa, tupa nunua nyingine.

Subiri kwanza kabla hujampigia mnunua skrepa. Mara nyingi mashine ya hivyo haijafa, na kifaa chako ni kizima kabisa. Kilichotokea ni kwamba mashine imegonga ukuta. Na ukuta huo ulijengwa na watu, tena wenye akili nyingi, ambao majina yao wengi hawayajui, walioamua miaka mingi iliyopita kwamba namba fulani itatosha. Haikutosha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi hata vinavyozama, kuna mahali viliundwa vizame.

Hii ndiyo historia ya kuta hizo, na ya mafundi waliojifunza kuzipita. Ukiijua, inaweza kukuokolea hela, na zaidi ya hela, picha na kazi zako za miaka yote.

1981: Mashine iliyosubiri kuambiwa

Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitambulisha kompyuta yake binafsi, modeli namba 5150. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo ulipata RAM ya kilobaiti 16. Kilobaiti, mtu wangu! Picha yako ya wasifu ya leo huenda isingeenea humo.

Timu iliyoiunda ilikaa Boca Raton, Florida, ikapewa kama mwaka mmoja tu kumaliza kazi. Ili kuwahi, walichukua vipande vilivyokuwa tayari sokoni, kisha wakaacha nafasi wazi za kuchomeka kadi za ziada. Nafasi hizo ndizo zilizoifanya mashine hiyo kuwa mama wa karibu kila kompyuta ya mezani iliyofuata. Mwenye nayo angeweza kuinunua ndogo leo, akaikuza kesho.

Tatizo ni kwamba mashine yenyewe haikuwa na akili ya kujitazama. Ukiongeza RAM, ilibidi ufungue kasha na kusogeza viswichi vidogo sana vilivyopangwa kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Viswichi hivyo ndivyo vilivyoiambia mashine: sasa una kiasi hiki. Ukisahau kuvisogeza, RAM ipo lakini haionekani. Ukitia chumvi kwa kuidanganya kwamba ipo nyingi kuliko iliyopo, inaamka, inahesabu, inakosa, inatema namba 201 kwenye kioo.

Namba 201 ilikuwa lugha. Maana yake kuna shida kwenye RAM. Namba 301 ni kibodi. Namba 1701 ni diski. Na kama kila kitu kiko sawa, mashine ililia mara moja, bip fupi, kama mtu anayesema nimeamka salama. Mlio huo ulikuwa na sababu yake: kama kioo chenyewe au kadi yake ndiyo mbovu, mashine ingekuonyesha wapi kosa lake? Ikabaki na sauti. Ndiyo maana hata leo fundi mzoefu akiwasha mashine iliyogoma, anatega sikio kabla hajashika bisibisi.

Chipu iliyokuwa imepitwa na mwaka mmoja

Haukupita muda watu wakataka diski ngumu. Mashine ya kwanza ilitumia flopi, zile diski laini za kuchomeka na kuchomoa. Wanunuzi wakaleta diski na kadi yake, wakachomeka, wakawasha. Hola.

Shida ilikuwa ndani ya chipu moja ndogo yenye BIOS, yaani ile programu inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuwaamsha wengine. BIOS za mwanzo, za mwaka 1981, hazikufundishwa kuuliza kadi zilizochomekwa kama zina programu zao za kuanzia. Kadi ya diski ilikuwa na maelekezo yake kichwani, lakini hakuna aliyemuuliza. Toleo lililojua kuuliza lina tarehe ya 27 Oktoba 1982. Mwenye mashine ya kabla ya hapo alilazimika kung'oa chipu na kupachika mpya. Diski nzima, kadi nzima, mashine nzima, lakini vitatu hivyo havisalimiani kwa sababu ya chipu iliyopitwa na mwaka mmoja.

Ukuta wa pili ulikuwa umeme. Pawa saplai ya 5150 ilitoa wati 63.5 tu. Kulisha diski ngumu juu ya mzigo uliokuwepo ilikuwa sawa na kuchomeka pasi, jiko na friji kwenye soketi moja ya ukutani. IBM wenyewe walipotoa modeli ya XT mwaka 1983, ikiwa na diski ya megabaiti 10, waliipa pawa saplai ya wati 130. Zaidi ya mara mbili. Ujumbe ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuuona: kila kifaa unachoongeza kinakula, na anayelisha ana kikomo.

Somo hilo halijazeeka. Kijana anayefunga kadi ya picha ya kuchezea gemu kwenye kompyuta ya ofisini iliyostaafu anakutana na ukuta uleule wa 1981. Mashine inawaka freshi, gemu inafunguka, mechi ikipamba moto inazima pu. Kadi haina kosa. Pawa saplai ndiyo iliyoishiwa.

1984: Betri na orodha ya wageni waalikwa

Mwaka 1984 IBM walileta modeli ya AT na kuondoa sehemu kubwa ya adha ya viswichi. Mipangilio sasa ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri, ambayo pia iliendesha saa hata mashine ikiwa imezimwa. Mjukuu wa betri hiyo ndiye yule CR2032, wa mviringo kama sarafu, wa volti 3, unayemkuta kwenye madabodi hadi leo.

Raha, lakini nayo ilileta ugonjwa mpya: kusahau. Betri ikiisha, mashine inapoteza kumbukumbu, haijui leo ni lini wala ina diski gani. Kwenye AT namba ya ugonjwa huo ilikuwa 161. Kwenye mashine za leo dalili ni saa inayorudi mwaka wa zamani kila ukiwasha, na wakati mwingine Windows inayoanguka na kioo cha bluu kwa sababu mipangilio ya diski imerudi kiwandani wakati mfumo ulifungwa ukiwa kwenye mipangilio mingine. Mtu anafungua mashine kuongeza RAM, anaigusa betri iliyochoka, ikifungwa inagoma. Anailaumu RAM, kumbe ni betri ya bei ya chipsi.

AT ilikuwa na jambo lingine. Ndani ya BIOS yake kulikuwa na orodha ya diski zinazotambulika, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa na aina 14. Diski yako ikiwa haimo, ni kama umefika harusini bila kadi. Ungeweza kuchagua aina inayokaribiana, ukapoteza nafasi, au ukatafuta BIOS mpya yenye orodha ndefu. Baadaye watengenezaji wa BIOS wakaongeza mstari wa kujijazia mwenyewe. Mlango ukafunguka kidogo, na nyuma yake kukawa na ukuta mkubwa zaidi.

Vita vya namba: 528, 8.4, 137

Hapa ndipo penye maumivu halisi.

Diski ya zamani ilielezwa kwa vitu vitatu: silinda, vichwa na sekta. Ichukulie kama anwani ya mtaa, nyumba na chumba. BIOS ilitenga nafasi ya silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Diski za aina ya IDE nazo zilikuwa na mipaka yake: silinda 65,536, vichwa 16, sekta 255. Kila upande peke yake ulikuwa mkarimu. BIOS ingefika gigabaiti 8.4. IDE ingekaribia 137.

Sasa waweke pamoja. Kwa kila kipimo, mwenye mkono mfupi ndiye anayeamua. Silinda 1,024 za BIOS, vichwa 16 vya IDE, sekta 63 za BIOS. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 512 za kila sekta. Jibu ni 528,482,304. Megabaiti 528, basi. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akaamua iwe namba hiyo. Timu mbili zilipanga kila moja kivyake, na watumiaji wa miaka ya 1990 ndio waliokuja kulipa bili. Mtu alinunua diski ya gigabaiti moja, akapata nusu.

Tiba ya kwanza ilikuwa ujanja wa kutafsiri anwani, BIOS ikihesabu kwa njia moja na diski kwa njia nyingine. Wasio na BIOS mpya walipewa programu maalumu inayojipachika mwanzoni mwa diski na kudanganya mfumo kila inapowaka. Ilifanya kazi, ila ole wako diski hiyo uihamishie kwenye mashine isiyoijua programu hiyo. Mafaili yalionekana kama yameyeyuka.

Ujanja huo ulifika gigabaiti 8.4 ukagota, maana hapo BIOS yenyewe iliishiwa anwani. Ikaja njia mpya ya kuhesabu sekta kwa namba moja tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila habari ya vichwa wala silinda. Namba hiyo ilipewa biti 28. Ndiyo, umeshaona inakoelekea. Biti 28 ni sekta 268,435,456. Ukizidisha kwa 512 unapata gigabaiti 137 na ushee. Ukuta mwingine.

Huu wa 137 ulikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu haukupiga kelele. Kuta za mwanzo zilikuonyesha diski ndogo, ukajua kuna shida. Kwenye huu, kama sehemu moja ya mfumo iliamini diski ni kubwa huku nyingine ikihesabu kwa biti 28, kila kitu kilienda vizuri hadi diski ilipojaa kupita mpaka. Baada ya hapo namba ilizunguka na kurudi sifuri, kama mita ya gari iliyofika mwisho. Faili jipya likaandikwa juu ya mwanzo wa diski, mahali panapokaa ramani ya mafaili yote. Mtu anahamisha picha za harusi, asubuhi anawasha mashine, hakuna picha, hakuna mfumo, hakuna kitu.

Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa bado haijajengwa kwa ajili ya diski za zaidi ya mpaka huo. Msaada wa anwani za biti 48 uliingia na kifurushi cha kwanza cha marekebisho, Septemba 2002. Mwenye kufunga upya XP kwa sidii ya zamani kwenye diski kubwa yenye data alikuwa anacheza na moto bila kujua.

Na kuta hazikuisha. Mfumo wa kugawa diski uliokuja na DOS ya 1983 unahesabu sekta kwa biti 32, ambazo zinaishia kwenye terabaiti 2.2. Diski za terabaiti 3 zilipofika madukani mwaka 2010, watu walizifunga kwenye mashine za zamani na wengine wakaona gigabaiti 746 tu. Walidhani wametapeliwa. Kumbe ni kile kilichobaki baada ya hesabu kuzunguka.

Vifaa viwili, kengele moja

Kuna kizazi cha mafundi ambacho ukikitajia IRQ kinashika kichwa. Kwa lugha rahisi, kila kifaa kinahitaji kengele ya kumwita prosesa: bosi, nina kazi. Mashine ya 1981 ilikuwa na kengele 8, ya 1984 ikawa na 16. Nyingi zilikuwa na wenyewe tayari. Printa ilishika namba 7. Mlango wa kwanza wa mausi na modemu ulishika namba 4, na mlango wa tatu ukapewa namba 4 hiyohiyo.

Ukiongeza kadi ya sauti iliyotoka kiwandani ikiwa kwenye namba 7, muziki unapiga vizuri hadi siku uchapishe barua. Ukiweka mausi mlango wa kwanza na modemu mlango wa tatu, unaingia intaneti, unasogeza mausi, laini inakatika. Kila kifaa ukikipima peke yake ni kizima. Ugomvi ni wa kengele. Dawa ilikuwa kuhamisha jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili, kisha kuandika kwenye karatasi nani kapewa namba ipi. Mafundi wengi walibandika karatasi hiyo ndani ya kasha, ili atakayefungua kesho asianze upya.

Tarehe 24 Agosti 1995 Windows 95 ilizinduliwa kwa mbwembwe, na moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba sasa ukichomeka kifaa mashine itajipanga yenyewe. Haikuwa uongo, ila ilikuwa ahadi ya mapema. Waingereza na Wamarekani wakaibatiza upya: chomeka uombe Mungu. Na tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya teknolojia Chicago, bosi wa Microsoft akiwa jukwaani kuonyesha Windows 98, msaidizi wake alichomeka skana mbele ya umati. Kioo kikawa bluu. Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Yaani kama wenye kampuni wenyewe walizinguliwa na kifaa kipya hadharani, wewe wa nyumbani usijione mkosi.

Nguvu ikizidi nayo ni ugonjwa

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mashine inaweza kuanguka kwa sababu umeipa kingi mno.

Mfano wa kwanza, kasi. Waliokuwa na Windows 95 wakaiwekea prosesa za AMD K6-2 za megahezi 350 na kuendelea, baadhi yao waliona mfumo unaanguka ukiwaka. Sababu yake ni kama kichekesho. Ndani ya mfumo kulikuwa na kipande kinachopima kasi ya prosesa kwa kuipa kazi ndogo na kuhesabu muda iliotumia. Prosesa mpya ikamaliza kazi haraka kiasi kwamba muda ukasomeka sifuri. Mfumo ukajaribu kugawanya kwa sifuri, na hesabu hiyo haina jibu hata kwa profesa. Ikabidi itolewe dawa maalumu ya programu.

Mfano wa pili, RAM. Windows 98 ikipewa zaidi ya megabaiti 512 iliweza kulalamika kwamba kumbukumbu haitoshi. Soma tena: umeongeza, inasema imepungua. Sehemu inayotunza nakala za mafaili ilipoona RAM nyingi ilijitwalia anwani nyingi mno, wengine wakakosa pa kukaa. Suluhisho lilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, kuiambia ijizuie.

Mfano wa tatu bado unaishi mtaani. Mtu ana Windows ya biti 32, anafunga RAM ya gigabaiti 4, mashine inaonyesha tatu na kidogo. Biti 32 ni anwani 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4 kamili, lakini kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinataka anwani humohumo. Nyumba ina vyumba vinne, kimoja amekaa mwenye nyumba. Ukifunga mfumo wa biti 64, kama prosesa na madabodi vinaruhusu, nafasi yako unaipata.

Miaka ya kapasita zilizovimba

Lakini si kila lawama iende kwenye hesabu. Kuna kipindi, takriban 1999 hadi 2007, ambapo madabodi nyingi duniani zilifungwa kapasita mbovu, vile vimtungi vidogo vinavyotuliza umeme. Maji ya kemikali yaliyomo yalikuwa na dosari, vikavimba kichwa, vikapasuka, vikatoa uchafu wa kahawia. Mashine iliishi vizuri na mzigo mdogo. Ukiongeza kadi au prosesa yenye njaa, kapasita iliyokuwa hoi inakata roho siku hiyohiyo, na kifaa kipya kinabeba msalaba usio wake.

Mashine nyingi za umri huo zilimaliza kazi kwenye ofisi za Ulaya kisha zikapata maisha ya pili Afrika Mashariki. Ndiyo maana fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue akifungua kasha la zamani, macho yake yanakwenda kwanza pembeni ya prosesa. Anatafuta vichwa vilivyovimba. Hiyo ni historia anayoisoma kwa macho.

Hekima ya fundi asiye na jina

Kwenye miaka yote hii kuna watu ambao hawapo kwenye picha za uzinduzi. Ni mafundi waliokuwa wanaletewa mashine zilizogoma, wakagundua njia kwa kuumia. Njia yao ina mpangilio, na kila hatua ina ukuta wake nyuma.

Swali la kwanza ni moja: kitu gani kilibadilishwa mwisho? Kisha kinatolewa, mashine inarudishwa ilivyokuwa. Ikiwaka, imeshajulikana kwamba haijafa. Hatua hii moja inaokoa mashine nyingi kuliko vifaa vyote vya bei mbaya.

Pili, kimoja kimoja. Aliyebadilisha RAM, diski na kadi ya picha siku moja hana tatizo moja, ana maswali matatu yaliyofungwa fundo. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, kusikiliza na kusoma. Milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo mlio wa mashine ya jirani si lazima uwe na maana ileile kwako. Kitabu cha madabodi, au modeli yake iliyoandikwa kwenye ubao, ndiyo kamusi.

Nne, kuuliza kama vinaendana kabla ya kulipa. RAM za DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti kwa makusudi, kwa sababu volti zake ni tofauti: 1.8, 1.5 na 1.2. Ikikataa kuingia, usiisukume. Lile pengo ni onyo. Na hata ikiingia, kuna kikomo cha madabodi, cha BIOS na cha mfumo. Mwenye kikomo kidogo ndiye anayeshinda, kama ilivyokuwa kwenye zile megabaiti 528.

Tano, na hii ndiyo ya kuandika ukutani: nakili data kabla ya kugusa bisibisi. Mashine hununuliwa. Tasnifu ya miaka mitatu na sauti ya marehemu bibi haviuzwi popote.

Ukuta wa safari hii una tarehe

Kuta zote zilizotangulia zilitokea kwa sababu mtu alidhani namba itatosha. Ule wa sasa umewekwa kwa makusudi. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 ilidai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, pamoja na prosesa zilizo kwenye orodha ya Microsoft. Orodha tena, kama ile ya 1984. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafikia mwisho. Mashine yenye SSD mpya na RAM ya gigabaiti 16, inayokimbia kama pikipiki, inaambiwa haina sifa.

Hapa nako historia inasaidia. Wakati mwingine TPM ipo, imezimwa tu ndani ya BIOS, na inawashwa kwa dakika mbili, kama vile viswichi vya 5150. Ikiwa haipo kabisa, au prosesa haimo kwenye orodha, mashine inaweza kufungwa mfumo wa Linux na kuendelea kupokea marekebisho ya usalama, kuandika, kuvinjari na kufundishia watoto. Microsoft wana sababu zao za kiusalama, na sababu hizo zina uzito. Lakini uamuzi wa kwamba chuma chako ni takataka haupaswi kufanywa na ujumbe mmoja kwenye kioo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mashine iliyogoma baada ya kuongezewa nguvu inakuambia mpaka wake uko wapi, kwa mlio, kwa namba, kwa diski iliyopungua, au kwa kimya. Aliyejua kusikiliza tangu 1981 aliokoa mashine yake. Asiyesikiliza alinunua nyingine, akakutana na ukuta mwingine mbele.

Haya wadau, wewe chuma chako kiligonga ukuta upi, na kilipona vipi? Tiririka hapo chini, kuna mtu anasoma huku mashine yake iko wazi mezani.